Vitabu vipya vya sanaa na picha: anza kukagua mgongo

Tangu kiangazi kikolee, malalamiko yanayonifikia ni ya aina moja. Dada mmoja wa eneo la Kisasa, hapa Dodoma, kanitumia picha ya kitabu chake cha wachoraji wa Afrika, alichokinunua mwaka jana tu: kurasa za katikati zimeng'oka, kazishika mkononi. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anasema chake kinalia "kra" kila akikifungua. Mwalimu wa sanaa kutoka Mpwapwa yeye chake ni kizima, ila hakikai wazi. Akitaka kuwaonyesha wanafunzi picha, inabidi watoto wawili wakishikilie, mmoja huku na mwingine kule.

Wote wananiuliza kama wameuziwa feki. Hapana. Vitabu ni halali na rangi ni safi. Tatizo ni gundi.

Kwa hiyo leo sitazungumzia ukali wa picha, idadi ya kurasa wala jina la aliyeandika dibaji. Hayo yapo kwenye kila tangazo. Nitazungumzia mgongo, kwa sababu hakuna muuzaji anayeutaja, na ndio unaoamua kama kitabu cha laki mbili kitavuka viangazi viwili vya Dodoma.

Kwa nini vitabu vya picha ndivyo vinavyoachia

Kitabu kinaweza kuunganishwa kwa njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza, karatasi kubwa zilizochapwa hukunjwa ziwe vitita, mara nyingi vya kurasa 16, kila kitita hupitishwa uzi kwenye mkunjo wake, halafu vyote hushonwa pamoja kabla ya kuvalishwa kava. Katika njia ya pili, vitita hupangwa, mgongo hukatwa au kutobolewa, gundi ya moto ikapakwa, kava ikabandikwa. Njia hii ni ya haraka na ya bei nafuu, na kwa riwaya haina ubaya mkubwa.

Kwa kitabu cha picha ni habari nyingine. Karatasi yake nzito inayong'aa imepakwa tabaka laini, mara nyingi la udongo mweupe wa kaolini, ili rangi ikae juu isizame. Gundi ikifika pale inashika tabaka, haishiki nyuzi za karatasi yenyewe. Ongeza uzito wa ukurasa, ongeza mtu anayekifungua kwa nguvu ili aione picha yote, na ukurasa utatoka tu. Gundi ya moto ya kawaida nayo ikizeeka hukakamaa, na ikikakamaa haikunjiki tena, inakatika. Sasa kiweke kwenye rafu ya chumba kinachopigwa jua la mchana hapa kwetu, ambapo kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi unaweza usione tone la mvua. Karatasi inakauka na kujikunja, masika ikija inavuta unyevu na kuvimba, na gundi inavutwa huku na huku.

Kuna gundi ya kisasa zaidi inayoitwa PUR, hiyo hunyumbulika na kushika vizuri. Ila dukani huwezi kuitambua kwa macho, na ukimuuliza muuzaji atakwambia tu kwamba ni "orijino kutoka nje".

Hasara ya pili ya gundi ni kumezwa kwa picha. Mpiga picha katandaza picha yake kwenye kurasa mbili, watu wamejipanga mstari, na yule wa katikati pua yake imeangukia kwenye mfereji wa mgongo. Kitabu kilichoshonwa vizuri ukikifungua kinalala, pua unaiona. Kilichogundishwa utakikandamiza mpaka kipasuke, na pua bado huioni. Mimi kitabu cha namna hiyo sikinunui hata kikiwa na nusu bei.

Kukagua ni kazi ya dakika moja. Kisimamishe, utazame mgongo kwa juu, pale karatasi zinapokutana na kava. Ukiona vijipinde vilivyojipanga, hivyo ni vitita. Ukiona ukingo bapa kama umekatwa kwa kisu, hiyo ni gundi tupu. Ila usiridhike na vijipinde, maana kuna vitita vinavyotobolewa mgongoni na kugundishwa bila kushonwa. Tafuta katikati ya kitita kimoja, fungua hapo, uone kama kuna uzi. Kisha kiweke mezani wazi na utoe mikono. Kikijifunga chenyewe hata karibu na katikati, huenda hata karatasi ilikatwa vibaya: nyuzi zake zinatakiwa zielekee sambamba na mgongo, zikikatisha mgongo kitabu kinakuwa kigumu maisha yake yote, kishonwe kisishonwe.

Namba moja: Steidl

Hii sasa ni orodha yangu ya vya kununua, na sifichi upendeleo wangu. Gerhard Steidl alianzisha kampuni yake ya uchapishaji mwaka 1968 mjini Göttingen, Ujerumani, na kazi ya kusanifu, kuandaa picha na kuchapa inafanyika kwake mwenyewe, haitupwi kwa mchapaji wa mbali mwenye bei ya chini. Nakala zake nilizozishika zimeshonwa, na zikifunguliwa zinatulia.

Anza na David Goldblatt, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 2018. Mwaka huo huo Steidl walitoa Structures of Dominion and Democracy, wakati wa maonyesho yake pale kwenye jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris. Ni picha za nyumba, makanisa, minara na watu, na humo unaona jinsi utawala unavyojengwa kwa matofali. Fedha zikitosha, ongeza On the Mines. Hicho kilitoka kwanza mwaka 1973, mwandishi Nadine Gordimer akiandika maneno, na Steidl wakakitoa upya mwaka 2012. Sio kipya sana, lakini mwenye babu wa Mbeya au Tukuyu aliyekwenda Wenela, yaani kwenye migodi ya Afrika Kusini, akitazame. Sehemu ya uchimbaji wa mashimo, ambako picha zinatikisika gizani na watu wamelowa maji ya mwamba, inaeleza mambo ambayo wazee wale wengi walirudi nayo kimya.

Bei yake inauma. Ukijumlisha na usafiri mpaka Dodoma, unaweza kupita bei ya mbuzi aliyenona mnada wa Msalato. Mimi bado nasema nunua kimoja cha hivi kuliko vitatu vya kuachia kurasa.

Namba mbili: Aperture, kwa ajili ya Ernest Cole

Kama Steidl ni mbali na mfuko wako, njoo hapa kwa Aperture, wachapishaji wa Marekani. Ernest Cole alizaliwa mwaka 1940, akapiga picha za maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi: vitambulisho, migodi, treni zilizojaa, watoto shuleni wakiandika sakafuni. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1966, na mwaka uliofuata kitabu chake House of Bondage kikatoka Marekani. Nyumbani kikapigwa marufuku. Alifariki New York mwaka 1990 akiwa fukara, na watu wakadhani negativu zake, yaani filamu za picha, zimepotea, mpaka mwaka 2017 zaidi ya 60,000 zilipopatikana kwenye sanduku za benki mjini Stockholm, Sweden.

Aperture walikitoa upya mwaka 2022, wakaongeza sura ambayo haikuwamo mwanzo, kuhusu wasanii na wanamuziki weusi. Mwaka 2024 wakatoa The True America, picha alizopiga Marekani uhamishoni. Ukiwa na uwezo wa kimoja, chukua House of Bondage. Cha pili kina picha nzuri, lakini cha kwanza kina hasira iliyopangwa, ukurasa baada ya ukurasa, na ndicho watoto wako watakachokigombania.

Namba tatu: When We See Us

Hiki ni cha wanaopenda uchoraji. Kilitoka mwaka 2022 pamoja na maonyesho ya jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, Cape Town, yaliyoongozwa na Koyo Kouoh, mama aliyetutoka Mei 2025 akiwa ameshateuliwa kuongoza maonyesho ya Venice ya 2026. Ni karne nzima ya watu weusi wakijichora wenyewe: wakicheza, wakipumzika, wakipendana. Mtanzania mwenzetu Sungi Mlengeya yumo. Yeye huchora miili myeusi juu ya weupe mtupu, bila ukuta, bila kivuli cha nyuma. Kazi kama hiyo inahitaji karatasi nyeupe kweli. Kwa hiyo usinunue nakala iliyokaa dirishani ikageuka njano, hata kwa punguzo.

Nimekipa namba tatu kwa sababu picha za uchoraji zikigawanywa kurasa mbili huwa zinaniudhi kuliko za kamera, na katika vitabu vya maonyesho kama hiki lazima zigawanywe hapa na pale.

Namba nne: African Artists, cha Phaidon

Kimetoka 2021, kinaanzia mwaka 1882 hadi leo, wasanii zaidi ya 300 kwa alfabeti. Kila msanii ana ukurasa wake, picha moja na maelezo mafupi, kwa hiyo mfereji wa katikati haumezi mtu. Ni cha kurejea, sio cha kuzama. Kwa maktaba ya shule ningekipandisha mpaka namba mbili, na yule mwalimu wa Mpwapwa nimeshamwambia hivyo.

Mpenzi wa msanii mmoja mmoja aangalie kitabu cha Lubaina Himid kilichotolewa na Tate, jumba la sanaa la Uingereza, mwaka 2021. Mama huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akashinda tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2017, na katika kazi zake utakutana na kanga zenye jina chini kabisa, kama za bibi yako.

Nje ya orodha: michoro ya Kolo

Watu wa Dodoma mnaniuliza cha kwetu kiko wapi. Michoro ya mapangoni ya Kondoa, pamoja na hii ya Kolo, iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko mkoani kwetu, na kwenye maduka yetu sijakiona kitabu kipya cha picha kinachoiheshimu. Kinachofaa ni cha zamani: Africa's Vanishing Art cha Mary Leakey, cha mwaka 1983. Alikuja kunakili michoro ile mwaka 1951, akaifuatisha mstari kwa mstari: watu warefu wembamba, twiga, swala. Kinapatikana kwa waliokwisha kukitumia tu. Kagua mgongo mara mbili, na omba picha yake kabla ya kutuma hela.

Sasa wauzaji

Hapa ndipo ninapopandwa na presha. Kitabu kimefungwa nailoni. Unataka kukifungua uone uzi, unaambiwa "ukifungua umenunua". Simu inauzwa imewashwa, viatu vinajaribiwa, hata tikitimaji linapigwa kofi kwanza, ila kitabu cha laki mbili na nusu ninunue kwa imani! Duka liwe na nakala moja ya kuonyesha. Moja tu.

Halafu wa mtandaoni. Picha ya kava kubwa, maneno "mzigo mpya umeingia", bei "njoo inboksi". Ukienda inboksi, anakuuliza uko wapi kwanza. Ukisema Dodoma bei inapanda, kana kwamba makao makuu tunalipwa wote posho. Na dola yao haifanani na dola ya benki siku yoyote ile. Nimewaomba wachache waweke picha ya mgongo kwenye tangazo. Mmoja akanijibu, "Dada, watu wananunua kava."

Vya bei nafuu

Mfululizo wa Basic Art wa wachapishaji Taschen: vidogo, kava gumu, msanii mmoja kila kitabu, huko nje ni kama dola 20. Vinatosha kwa kuanzia. Vya kuchapwa upya mitaani kwa rangi ya fotokopi, sina la kusema.

Ukiagiza Dar kwa basi, sisitiza kiwekwe kwenye boksi gumu lenye magazeti kwenye kona nne, sio kwenye kiroba, na kiandikwe kisiwekwe chini ya mizigo. Kifungue hapo hapo stendi ya Nanenane kabla hujasaini, tazama kona, tafuta uzi. Ukifika nyumbani vile vikubwa vilaze, usivisimamishe, maana uzito wa karatasi huning'inia ukalivuta jalada mpaka liachie. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu.