Uzoefu wangu na Glock 19: bastola moja ya nyumbani, ya shabaha na ya kubeba mara moja moja

Nina mwaka wa nne sasa na hii bastola, nimeshapiga nayo risasi 3,000 na kitu, najua idadi maana kila nikitoka uwanja wa shabaha naandika kwenye daftari, kwaiyo naona sasa naweza kuiongelea vizuri na sio kuisifia tu kwa vile ni yangu.

Naanza na kosa la mwanzo kwanza, maana naona watu wengi wanalirudia. Nilivopata kibali, jamaa aliyekua ananishauri akaniambia we chukua revolva ndogo, haina mambo mengi, unavuta inalia, haijam, mfukoni hakuna anayejua kama unayo. Nikachukua ya risasi 5, kaliba (yaani kipimo cha risasi) .38 Special, uzito gramu 400 na kidogo. Na hakunidanganya, kweli haina mambo mengi. Ila hakuniambia kwamba silaha nyepesi namna ile inapiga teke kali, nguvu ya risasi ni ileile ila uzito wa kuimeza ni mdogo, alafu triga yake ni ndefu na nzito, unavuta kama kilo 5 hivi kila risasi, maana kidole hichohicho kimoja ndo kinazungusha silinda yenye risasi na ndo kinarudisha nyundo nyuma. Mtutu wenyewe hauzidi sentimita 5, kilengeo cha mbele ni kinundu tu cha chuma. Siku ya kwanza nilipiga risasi 30 nikaacha, hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada ngozi imekua nyekundu inawaka moto, na karatasi iko mita 7 tu lakini matundu yametapakaa kila kona na mengine siyaoni kabisa. Nikaenda mara ya pili, ya tatu, baada ya hapo kila wikiendi nikawa na udhuru wa kutokwenda.

Hapo ndo niligundua nimenunua kitu ambacho sitaki kukishika. Na silaha ambayo hutaki kufanya nayo mazoezi haitakufaa nyumbani, maana usiku wa shida, moyo unadunda na mikono inatetemeka, mkono unafanya kile tu ulichozoea kufanya.

Sasa tabu ya kutafuta bastola moja ya kazi zote tatu ni kwamba hizo kazi zinavutana. Ya kulengea shabaha unataka iwe nzito na mtutu mrefu ili itulie, ya kubeba unataka ndogo na nyepesi, ya nyumbani unataka mpini unaojaa mkononi na risasi za kutosha kwenye magazini. Nilikaa kama miezi miwili naazima za pale uwanjani na za wenzangu kabla sijaamua, na huo muda ndo naona ulinisaidia kuliko maelezo yote niliyosoma. CZ 75 niliipenda sana kwenye shabaha, chuma kitupu, karibu kilo 1, ikilia unahisi kama imesukumwa tu taratibu, Wacheki waliibuni 1975 na bado watu wanaitafuta. Lakini kuibeba kiunoni kutwa nzima kilo nzima ya chuma, hapana, sio kwangu. SIG P365, ile iliyotoka 2018, ni kinyume chake, ndogo hadi unashangaa inaingiaje risasi 10 kwenye magazini yake, kubeba ni raha tupu, ila mkono wangu ni mkubwa na kidole cha mwisho kikawa kinaning'inia hewani na baada ya risasi 50 nikawa nalazimika kuishika upya kila nikipiga mbili tatu. Glock 17 nilipiga nayo vizuri, risasi 17, mtutu milimita 114, ila mpini wake mrefu unachomoza kwenye shati ukiinama.

Kwaiyo nikaangukia kwenye 19, ambayo ipo tangu 1988 na ni kama 17 iliyopunguzwa kidogo mbele na kidogo chini. Mtutu milimita 102, magazini risasi 15, kama gramu 600 bila magazini, kaliba ni ileile ya 9mm. Na kitu ambacho wengi hawakijui, inakubali magazini ya 17, inachomoza kidogo kwa chini lakini inafanya kazi, kwaiyo nyumbani naiwekea hiyo ndefu na siku ya kubeba naweka fupi. Yangu ni ya toleo la 5, mpini hauna zile nafasi za vidole na unakuja na vipande vya nyuma vya kubadilisha ukubwa wa mpini, mi nimeweka cha kati.

Ukienda kuchagua yako, iwe hii au nyingine, hakikisha kwanza kwa macho yako kwamba ni tupu, alafu ishike mkono ukiwa juu kabisa ya mpini, angalia kama mtutu umenyooka sawa na mfupa wa mkono wako hadi kwenye kiwiko. Kama inabidi upinde mkono pembeni ili kidole kifike kwenye triga, hiyo ni kubwa kwako, iache hata kama dunia nzima inaisifia. Pembe ya mpini wa Glock nayo mkono unahitaji muda kuizoea, mimi wiki za mwanzo kila nikiinyanyua mdomo wa bastola ulikua unaangalia juu kidogo.

Sasa kitu kimoja cha kuwa nacho makini sana. Hii bastola haina kile kitufe cha sefti cha pembeni, usalama wake upo ndani na kwenye kale kaulimi kadogo katikati ya triga, ukikabana na triga pamoja basi inalia. Maana yake ala yako, ule mfuko wa kuibebea kiunoni, ndo sefti yako. Mimi nilianza na ala laini ya kitambaa, sitaji ya nani. Jioni moja niko chumbani nafanya mazoezi ya kuchomoa na kurudisha, bastola tupu, nimeshaikagua mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine. Mdomo wa ala ulikua umeshalegea, narudisha bastola, nikahisi kama inagoma kidogo, nikaisukuma, nikasikia "tik". Nikasimama pale sijielewi. Nilivoivuta taratibu nikaona pindo la kile kitambaa limeingia ndani ya kizingo cha triga na limeibana kabisa. Ingekua na risasi chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, ile risasi ingepita kwenye paja langu. Ala ile niliikata kwa mkasi siku hiyohiyo ili mtu mwingine asije kuiokota akaitumia. Sasa hivi natumia ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, imefunika triga yote, mdomo wake haulali, na narudisha polepole huku naangalia, hakuna mtu anayekupa zawadi kwa kurudisha haraka.

Na hivohivo kwenye kuifungua kusafisha, Glock lazima ubonyeze triga ndo slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, itoke. Toa magazini kwanza, vuta slaidi, angalia chemba kwa jicho alafu ingiza kidole uhakikishe, kila siku, hata kama umeikagua dakika moja iliyopita.

Kwenye shabaha mwanzoni risasi zangu zote zilikua zinaenda chini kushoto na nilikua na uhakika vilengeo vimekaa vibaya. Mwalimu hakubishana na mimi. Alichukua magazini akanigeuzia mgongo akajaza, akachanganya risasi za bandia katikati ya za kweli, akanipa. Nikapiga mbili, ya tatu ikawa ya bandia, na nikaona kwa macho yangu mdomo wa bastola unadidimia chini kama mtu anayesujudu, na hakuna kilicholia. Mkono ulikua unajihami na teke kabla halijaja. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi makavu, yaani bila risasi, dakika 10 karibu kila jioni, nasimamisha sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele alafu navuta triga hadi ibofye bila sarafu kuanguka. Uzito wa triga yake ni kama nusu tu ya ile revolva. Miezi mitatu ya sarafu ilinisaidia kuliko maboksi ya risasi, sema risasi za kweli nazo lazima upige, teke halifundishwi na sarafu.

Nyumbani inakaa kwenye sefu ndogo ya vitufe karibu na kitanda, maana nina watoto na mtoto hafundishwi kuogopa droo, atafungua tu. Nimejizoeza kuifungua gizani kwa vidole peke yake. Pembeni yake kuna tochi, na tochi ndo naichukua kwanza, huwezi kupiga kitu usichokiona, anaweza kuwa mwanao kaamka kunywa maji. Risasi za nyumbani ni zile zenye tundu puani, zinapanuka zikiingia mwilini na hatari ya kutokea upande wa pili inapungua, ila ukuta mwembamba zinapita bado, kwaiyo jua nyuma ya mlango wako analala nani. Za shabaha natumia zile za kawaida ila kila baada ya muda napiga magazini mbili za zile za nyumbani kuhakikisha zinapita bila kukwama. Na masikio, uwanjani wa ndani mi naziba mara mbili, vya kuchomeka ndani na vya kufunika juu yake.

Kubeba nabeba mara chache, nikiwa na safari ambayo naona kuna sababu na sheria inaruhusu. Bila mkanda mgumu usijaribu, suruali itakua inashuka na utakua unaipandisha kila dakika na kila mtu anajua una nini.

Revolva sijaitukana, kwa mtu ambaye mikono haina nguvu ya kuvuta slaidi bado ina nafasi yake, ila atafute nzito yenye mtutu mrefu kidogo. Mke wangu kaanza mafunzo mwezi uliopita, mkono wake mdogo, kashika hii 19 yangu, akajaribu kufikisha kidole kwenye triga, akanirudishia akasema hii ni yako. Jumamosi tunaenda ajaribu tena ile P365 iliyonishinda mimi, mara ya kwanza vidole vyake vyote vilienea.