Kozi ya Jumamosi ya ajira na afya ya uzazi, Mbagala: binti alifaidika, mvulana alipewa mpira

Wazazi na walezi wenzangu mnaouliza kama kozi ya Jumamosi pale kituo cha vijana inafaa, mimi nimewalipia wawili: mwanangu wa kiume aliyemaliza kidato cha nne, ana miaka kumi na tisa, na binti wa dada yangu mwenye stashahada ya famasia ambaye anakaa kwangu akitafuta kazi. Ada ni elfu ishirini kwa kichwa, Jumamosi za mwezi mzima, saa tatu asubuhi hadi saa nane. Nusu ya kwanza ni kutafuta ajira, nusu ya pili afya ya uzazi. Bango la mlangoni limeandikwa "Kijana, wajibika!" Jina la kituo silitaji, maana makabrasha yao yanachapwa kwangu na sitaki kugombana na mteja. Makosa ya tahajia mliyoyaona humo ni yao. Mimi nilichapa nilichopewa.

Nina steshenari karibu na Rangi Tatu. Natoa kopi, naskani, napiga picha za paspoti, na kwa miaka sasa nawajazia vijana maombi ya kazi kwenye Ajira Portal ya serikali. Kwa hiyo upande wa ajira niliusikiliza kwa sikio la mtu mwenye kazi yake. Dada anayefundisha somo hilo anajua anachokifanya. Hakuanza na nadharia. Alisoma tangazo halisi la Sekretarieti ya Ajira mstari kwa mstari: umri usiozidi miaka arobaini na mitano, wadhamini watatu wenye namba za simu zinazopatikana, barua iliyosainiwa ikielekezwa kwa Katibu, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Akafika pale wanapoangukia wengi: hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliwi, kinatakiwa cheti chenyewe. Na majina yakipishana, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shule kinasema vile, utafute hati ya kubadili jina mapema, usingoje hadi uitwe kwenye usaili.

Jambo lingine alilolifanya lilinifurahisha ingawa linanipunguzia wateja. Kila kijana alifungua akaunti kwa simu yake mwenyewe, kwa baruapepe yake na nywila anayoijua yeye. Msicheke. Wanaokuja dukani kwangu wengi akaunti zao zilifunguliwa na steshenari nyingine, nywila anaijua yule kaka wa kule, na yule kaka amehamia Kigamboni. Mtu anaitwa kwenye usaili hana habari. Wengine wanakuja saa tatu usiku, dirisha linafungwa saa sita, cheti kimebaki kijijini kwa bibi. Hapo ukiniambia kijana awajibike nakuunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu kutunza nywila yako na kuskani vyeti vyako mapema hakuhitaji mjomba wizarani.

Jumamosi ya pili wakamleta mhamasishaji. Suti, viatu vyenye ncha, kipaza sauti kwenye ukumbi ambao ukikohoa nyuma mtu wa mbele anakuitikia. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: kazi zipo, wavivu ndio hawazioni. Binti yangu akanyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Samahani kaka, tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu, na mimi nimemaliza chuo mwaka jana. Huo uzoefu naupata wapi?" Akajibiwa abadilishe mtazamo. Ukumbi ukapiga makofi. Aliporudi nyumbani aliniambia, "Mama mdogo, nimebadilisha mtazamo tangu saa sita mchana na tangazo bado linasema miaka mitatu."

Huyu bwana nampa sifuri, na si kwa sababu ya suti. Kijana anayeamka asubuhi, ana vyeti vyote, ametuma kila mahali na hajaitwa, ukimwambia tatizo ni yeye unamrudisha nyumbani amejichukia, na hakuna alichojifunza cha kufanya Jumatatu. Ile saa nzima ingetosha kuwaonyesha namna ya kuomba kujitolea kwenye duka la dawa na kuondoka na barua inayoeleza alichofanya. Ingetosha pia kueleza mikopo ya halmashauri vizuri. Waliigusa tu: asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni kweli, lakini hawakusema kikundi kinasajiliwaje wala kwamba safari inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kuhusu matapeli wanaotaka "hela ya fomu" kwa simu kabla ya usaili, dada wa ajira alisema vizuri na kwa ufupi: anayekuuzia nafasi ya kazi hana kazi.

Sasa afya ya uzazi. Wanatenganisha: mabinti ukumbini, wavulana nje chini ya mwarobaini. Mabinti walipata nesi mstaafu, mama wa makamo, sauti ya chini, haoni haya na hamwaibishi mtu. Aliweka boksi la viatu lenye tundu, kila mmoja aandike swali bila jina. Binti yangu anasema maswali yaliwashtua hata wenyewe walioyaandika. Kuna aliyeuliza kama mtu anaweza kushika mimba mara ya kwanza. Anaweza, alijibu nesi, na akaeleza kwa nini, akachora mzunguko wa hedhi ubaoni na kuonyesha kwamba kuhesabu siku kunawadanganya wengi kwa sababu mizunguko haifanani. Alieleza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo: inatumika ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi, haizuii Virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa, na si dawa ya kununua kila wikiendi. Alieleza kwamba aliyebakwa au kupasukiwa na kondomu awahi kituo cha afya ndani ya saa hizo hizo 72 kupewa dawa za kukinga VVU. Na kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka kumi na tano anaweza kupima VVU bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Baadhi ya wazazi walinuna hapo. Mimi sikununa. Dukani kwangu wanapita mabinti wa sare wanaonunua daftari, na baada ya muda siwaoni tena, halafu nakutana nao sokoni wamebeba mtoto. Ni kweli tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, na nashukuru, lakini mtoto huyo analelewa na nani saa za masomo?

Wavulana je? Walipewa mwalimu wa michezo. Aliwaambia UKIMWI upo, waheshimu wazazi, waache kubeti, kisha akatoa mpira. Nilimuuliza mwanangu jioni, "Nesi alisema nini kuhusu P2?" Akasema hiyo ni ya wasichana. Nikamuuliza kuvaa kondomu wamefundishwa? Akatazama sakafu, akasema walifundishwa kupiga kona.

Hapo ndipo lile bango la mlangoni linanikera. Wajibika, lakini nani? Binti anaondoka na saa 72 kichwani, kalenda, namba ya kliniki na onyo la kujitunza. Mvulana anaondoka na jasho. Mimba haiingii kwa posta. Na kuna jambo la sheria ambalo mvulana wa miaka kumi na tisa anapaswa kulijua kuliko mtu yeyote ukumbini: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inasema binti chini ya miaka kumi na nane hata akikubali, kwa sheria ni kubakwa, na adhabu kwa mtu mzima ni kuanzia miaka thelathini jela. Ukimpa mwanafunzi mimba, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 nayo yanataja miaka thelathini. Mwanangu alidhani wakipendana na mzazi akijua, mambo yameisha. Amesikia kwangu, mezani, akiwa na kijiko mkononi. Sikulipa elfu ishirini ili nikafanye kazi hiyo mwenyewe.

Pengo la pili ni rushwa ya ngono, na nashangaa sana kuliona kwenye kozi yenye mada hizi mbili pamoja. Ni hapo hasa zinapokutana. Binti anakwenda kuomba kazi, bosi anamwambia aje jioni wazungumze vizuri. Kozi ilitumia dakika chache mwishoni, na ushauri ulikuwa "vaeni kwa heshima muendapo kwenye usaili." Mavazi yameingiaje? Kosa ni la mwenye mamlaka anayedai mwili ndipo atoe haki ya mtu, na limeandikwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kabrasha la binti yangu, kisha nikaitolea kopi nikawapa na wenzake, bure, jambo ambalo wanaonijua watashangaa.

Madogo madogo: chai ipo na chapati ni laini, zinaisha saa nne na nusu kwa hiyo mwambie kijana asichelewe. Choo cha wasichana hakina maji wala pa kutupa taulo za kike, kwenye kozi ya afya ya uzazi, jamani. Cheti cha kuhudhuria ni kizuri kwa macho. Kwenye maombi ya serikali hakina uzito, msidanganyike kukilipia fremu.

Kwa binti aliyemaliza chuo, lipa. Nesi peke yake anarudisha ada yako, na dada wa ajira anaongeza chenji. Kwa mvulana, ningesubiri. Nilimpigia mratibu nikamwambia wamhamishie nesi huko kwenye mwarobaini nusu ya muda, akasema watalijadili. Uandikishaji wa awamu ijayo unaanza mwishoni mwa mwezi. Ukienda, kabla ya kutoa hela uliza hivi: wavulana safari hii wanafundishwa na nani? Wakijibu mwalimu wa michezo, mwandikishe binti tu, na mvulana mlete dukani kwangu. Akaunti ya Ajira Portal nitamfungulia, nywila ataandika mwenyewe.