Grave of the Fireflies: katuni ya vita, si ya watoto wadogo

Kwa kuwa ni katuni, mzazi mwingine atawawashia watoto kisha aende zake jikoni. Asithubutu. Filamu hii ya Isao Takahata, iliyotengenezwa na Studio Ghibli mwaka 1988, ni dakika 89 za njaa.

Ni Japani, mwaka 1945. Ndege za Marekani zinamwaga mabomu ya moto juu ya mji wa Kobe. Seita, mvulana wa miaka 14, anakimbia na mdogo wake Setsuko, wa miaka 4, mgongoni. Baba yuko vitani, mama anakufa kwa majeraha ya moto. Wanapokelewa na shangazi wa mbali, anayeuza kimono za mama yao apate mchele, halafu anaanza kuwahesabia matonge. Wanahama, wanakwenda kuishi kwenye handaki kando ya bwawa.

Niliitazama kwanza peke yangu, Netflix. Matusi hakuna, mapenzi hakuna (ndugu hao wanaoga pamoja, bila ubaya wowote), bunduki karibu hazionekani. La kutisha machoni linakuja mapema: mama amezungushiwa bandeji mwili mzima, damu imepenya, na baadaye funza. Ni fupi, mtoto wa miaka 10 anaweza kulistahimili.

Shida ni Setsuko. Anakwisha kidogo kidogo mbele yako: vipele mgongoni, kuharisha, macho kulegea, hadi anamumunya gololi akidhani ni peremende na kumkaribisha kaka yake vidonge vya udongo eti ni wali. Daktari anasema mtoto anahitaji lishe. Itoke wapi, hasemi. Mtoto wa chekechea atamwona mwenzake wa rika lake, na atangoja mtu mzima aje kumwokoa. Haji mtu.

Kwa hiyo wangu wa darasa la pili nilimkatalia, akanuna jioni nzima. Wa kidato cha kwanza nilikaa naye mwanzo mwisho. Hakulia, alikasirika. "Hela za mama yake Seita benki zilikuwepo, mama. Kwa nini asirudi tu kumwomba shangazi msamaha?" Tulibishana mpaka chai ikapoa, maana mimi namtetea Seita na yeye anamwona ana kiburi. Wizi wa mboga mashambani wakati wa mabomu nao tuliubishania. Hapo ndipo filamu inapomfaa kijana wa miaka 12 au 13, akiwa na mtu pembeni.

Anayeogopa mizimu aambiwe mapema: Seita anakufa kituo cha treni mwanzoni kabisa, na roho yake, yenye mwanga mwekundu, ndiyo inayosimulia.

Wadogo wawekee My Neighbor Totoro, katuni ya watoto ya Ghibli hao hao. Mwaka huo wa 1988 sinema za Japani zilionyesha filamu hizi mbili pamoja, siku moja, na mpaka leo sielewi aliyepanga ratiba ile alikuwa na watoto au hana.