Duka la dawa la Shella, Malindi: wanauliza kabla ya kuuza

Mama yangu anatumia imatinib kwa saratani ya damu, na jamaa walikuwa wamemletea vidonge vya mitishamba vya kuongeza nguvu. Mfamasia wa duka hili alisoma kibandiko chote, akaweka kidole penye St. John's wort, akatueleza kwamba mmea huo huchochea ini kuivunja imatinib upesi, hata kiwango chake kikapungua mwilini. Balungi nalo laweza kukizidisha. Hakutuuzia chochote, bali alisisitiza daktari wa mama aione chupa yenyewe kwanza. Faragha pale kaunta ni haba, na hilo lirekebishwe. Wenye kutumia dawa za saratani waende asubuhi, foleni ikiwa fupi, na wachukue dawa zao zote.