Matairi ya pikipiki kwa safari ya milima yenye ukungu na njia za mashamba: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Mtu akipanga safari ya pikipiki milimani, kule barabara inakojipinda kati ya mashamba ya chai na ukungu hauondoki mpaka jua limepanda, swali la kwanza huwa matope. Tairi gani litanivusha kwenye tope? Swali si baya, ila si la kwanza. Tope hukuangusha ukiwa mwendo wa kutembea: unainuka, unajifuta, unaendelea. Lami iliyolowa kwenye kona ya mteremko hukuangusha ukiwa kilomita 50 kwa saa, na lori linapanda upande wa pili. Ndiyo maana hapa nimeyapanga matairi kwa namna yanavyoshika lami yenye unyevu kwanza, udongo ukafuata.

Ukungu una hila yake. Mvua kubwa ikinyesha nusu saa huwa imeshaiosha barabara. Ukungu hauoshi chochote, unalowesha tu. Mafuta yaliyodondoka, vumbi laini na masalia ya mpira vinabaki palepale, sasa vikiwa utelezi mtupu. Chini ya miti mikubwa, ambako jua halifiki, kuna ukoga wa kijani na majani yaliyooza.

Pabaya zaidi ni makutano, pale njia ya shamba inapoingia barabara kuu. Trekta linatoka shambani na udongo umejaa kwenye magurudumu, na linaumwaga wote kwenye mita chache za mwanzo za lami. Mabonge hayo hupondwa na magari yanayofuata yakawa tandiko jembamba, na likishalowa huwezi kulitofautisha na lami yenyewe mpaka uwe juu yake. Hapo gurudumu la mbele linahitaji mambo mawili kwa pamoja: meno ya kupasua ule udongo, na mpira laini wa kushika kilicho chini yake. Tairi zuri kwa safari hii ni lile lenye vyote viwili.

Jambo jingine ni baridi. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mpira mgumu, ule unaosifiwa kwa kudumu, huchelewa kupata joto, na kwenye mteremko wa asubuhi unaweza kufika bondeni kabla haujapata hata kidogo.

Utakutana pia na namba kama 80/20 au 50/50. Ya kwanza ni sehemu ya lami, ya pili ni sehemu ya njia zisizo na lami. Zisome kama nia ya mtengenezaji, si kipimo. Hakuna kanuni moja inayozilinganisha, kwa hiyo 50/50 ya kampuni moja inaweza kuwa na meno mafupi kuliko 60/40 ya nyingine. Liangalie tairi lenyewe.

Nafasi ya kwanza: nusu kwa nusu, lenye meno mapana

Haya ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote asiyejua hali ya hewa itakuwaje, na milimani hakuna anayejua. Tafuta tairi ambalo vipande vyake vya katikati ni vipana na vimekaribiana, na vya pembeni vimeachana. Pikipiki ikiwa wima inakanyaga mpira mwingi, unapata breki. Ikizama kwenye udongo, meno ya pembeni yanaanza kazi. Michelin Anakee Wild na Pirelli Scorpion Rally STR ni mifano inayojulikana.

Ukilinganisha na tairi la barabara, unachopoteza kwenye lami ni kidogo: sauti ya kuvuma ukipita kilomita 70 kwa saa, na hisia ya kuyumba kidogo unapolalia kona, kwa sababu meno yanapinda kabla ya kushika. Unachopata kwenye njia ya shamba iliyonyeshewa ni kikubwa mno kulinganisha na hicho.

Mitas E-07 nayo iko humu, yenye mpangilio wa mishale na sifa ya kudumu muda mrefu. Ina toleo liitwalo Dakar, lenye mstari wa njano na kuta ngumu zaidi, kwa pikipiki nzito zilizobeba mzigo mkubwa. Kama pikipiki yako ni nyepesi na umebeba begi moja, chukua la kawaida. Kuta ngumu kwenye pikipiki nyepesi zinakurusha tu kwenye mawe.

Kasoro ya kundi hili ni udongo wa mfinyanzi, ule mwekundu unaonata. Mifereji ikishajaa, una tairi laini lisilo na meno. Hapo dawa ni kupunguza mwendo, na wakati mwingine ni kusubiri jua.

Nafasi ya pili: 80/20

Kama unasafiri kiangazi, au njia za mashamba utakazopita zimewekwa changarawe na kushindiliwa kwa ajili ya malori ya mavuno, hili liruke juu liwe la kwanza. Mashamba mengi makubwa hutunza njia zake kuu vizuri, maana mazao kama majani ya chai yanatakiwa kufika kiwandani siku hiyohiyo. Hazina lami, lakini zina mifereji ya kando na mgongo katikati, na tairi la 80/20 linazimudu.

Michelin Anakee Adventure imetengenezwa kwa uwiano huo na ina silika kwenye mpira wake, kiungo kinachosaidia kushika sehemu iliyolowa. Shinko 705 ni chaguo la wenye pikipiki za kati. Ukiwa na 80/20 utafurahia kona za lami kuliko mtu mwingine yeyote kwenye msafara, na utakuwa wa mwisho kutoka kwenye kidimbwi.

Halinijazi imani kwenye mteremko wa udongo. Kupanda, tairi la nyuma likizunguka bure unaweza kusukuma. Kushuka, la mbele likikosa kushika huna cha kusukuma.

Nafasi ya tatu: la mbele meno marefu, la nyuma nusu kwa nusu

Wapo watakaoshangaa kuona mchanganyiko juu ya jozi kamili ya kashata, yaani matairi yenye meno marefu yaliyoachana, mbele na nyuma. Sababu ni kwamba tairi la mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja. La mbele linaongoza na kubeba sehemu kubwa ya breki. Likiteleza, umeanguka, hakuna muda wa kufikiri. La nyuma likiteleza, mara nyingi unahisi mkia unacheza, unapunguza moto, unarudi kwenye mstari. La nyuma pia ndilo linaloisha haraka, kwa kuwa linabeba nguvu ya injini na uzito wa mizigo. Basi weka meno mbele unapoyahitaji, na uimara nyuma unapoulipia.

Continental TKC 80 mbele na Heidenau K60 Scout nyuma ni ndoa ya zamani kwa wasafiri wa pikipiki kubwa. Kabla hujafanya hivyo, soma kitabu cha pikipiki yako. Usichanganye tairi la radiali, ambalo nyuzi zake za ndani zimekatiza tairi moja kwa moja, na lile la nyuzi za mshazari, zilizolala upande na kupishana, kama mtengenezaji hajaruhusu.

Nimelishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu moja: meno marefu mbele, kwenye lami iliyolowa, yanataka mkono wa breki wenye adabu. Eneo la tairi linalogusa ardhi halizidi kiganja, na ukiligawa kwa mapengo, kinachobaki ni kidogo sana.

Nafasi ya nne: kashata kamili

Kwa wiki ya kulala ndani ya mashamba masika, kwenye vijia vya wachumaji visivyopita gari, hakuna mbadala. Mapengo mapana yanarusha tope kila gurudumu linapozunguka, na meno yanafika kwenye ardhi ngumu iliyo chini. Lakini safari ninayoizungumzia hapa haiko hivyo. Kwa kawaida unafika mashambani kwa lami, unatoka kwa lami, na katikati unarudi kwenye lami kila mara. Meno ya katikati yatakuwa mviringo kabla hujarudi nyumbani, na kila kona yenye ukungu utaipita kwa wasiwasi.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kashata linahitaji nafasi chini ya madigadi. Kwenye pikipiki zenye madigadi ya chini, ile inayokumbatia tairi la mbele, mfinyanzi unajaza pengo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unakuta mtu amesimama katikati ya njia anachokonoa udongo kwa kijiti, anaendesha mita mia mbili, anasimama tena. Pima nafasi hiyo kabla ya kununua. Kama kidole hakipiti kwa raha kati ya meno na madigadi, chagua tairi jingine au inua madigadi.

Nafasi ya tano: tairi la barabara

Kama ndilo ulilonalo na safari ni kesho, nenda nalo, baki kwenye lami na changarawe kavu. Kulinunua kwa ajili ya safari hii, hapana.

Ukiwa dukani

Anza na ukubwa. 110/90-18 maana yake upana ni milimita 110, kimo cha ukuta ni asilimia 90 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 18. Namba inayofuata ni ya uzito: 57 ni kilo 230, 62 ni kilo 265. Jumlisha pikipiki, wewe, abiria na mizigo, kisha kumbuka kuwa sehemu kubwa ya mzigo hukaa nyuma. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: P ni kilomita 150 kwa saa, T ni 190. Kwa kona za milimani hata P inakutosha, ila usishuke chini ya kile kitabu kinachosema.

Kisha tafuta ubavuni mwa tairi maandishi ya DOT, msimbo unaoonyesha pia lilitengenezwa lini. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi linaweza kukaa dukani miaka mingi liking'aa kama jipya huku mpira umeshakauka. Likunje kidogo kwa mikono uangalie kwenye mzizi wa meno, pale jino linapokutana na mwili wa tairi. Nyufa huanzia hapo, nyembamba kama nywele. Bonyeza jino kwa ukucha: kwenye mpira mzuri alama inaingia na kupotea. Kama ukucha unateleza tu, huo umezeeka, au ni mgumu kiasi ambacho asubuhi ya baridi hautakusaidia.

Fedha zikitosha tairi moja tu, nunua la mbele. Najua desturi ni kubadilisha la nyuma kwa kuwa ndilo linaloonekana kipara. Kama la nyuma limeisha kabisa, ahirisha safari mpaka upate yote mawili.

Pikipiki nyingi zenye rimu za spoku zinatumia tyubu, na tyubu ya zamani ndani ya tairi jipya ni pancha inayosubiri. Badilisha zote kwa pamoja. Weka bajeti ya geji ya upepo, pampu ndogo, viraka na vyuma vya kutolea tairi. Kwenye njia mbovu watu hupunguza upepo ili tairi likanyage upana zaidi, mathalani kutoka psi 32 hadi 24 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji). Lenye tyubu usilishushe chini ya hapo. Ukigonga jiwe, rimu inaibana tyubu na kuitoboa mara mbili, matundu pacha. Na kama huna pampu ya kurudisha upepo kabla ya lami, usipunguze kabisa. Pima asubuhi kabla hujawasha injini, tairi likiwa baridi, kwa sababu joto la safari linapandisha kipimo na kukudanganya.

Fundi anapofunga, angalia mshale wa mzunguko ubavuni. Baadhi ya matairi yana mishale miwili, mmoja wa gurudumu la mbele na mwingine wa nyuma, ikielekea pande tofauti, na hata fundi mzoefu hukosea. Kisha yafunge mapema, si usiku wa kuamkia safari: tairi jipya lina utelezi juu yake, na linahitaji kilomita 150 hivi za mwendo wa pole, kwenye lami kavu, ukiongeza ulalo wa kona kidogo kidogo, kabla hujalipeleka kwenye ukungu.