Boot-Repair au Super GRUB2 Disk? Laptopu ya Windows na Ubuntu imegoma kuleta menyu

Wadau, karibuni tena. Leo mezani nina laptopu ya mtumba, HP, ina Windows na Ubuntu (aina ya Linux) kwenye diski moja. Naiwasha, tazameni... nembo... hiyoo, imekimbilia Windows moja kwa moja. Ile menyu nyeusi ya GRUB, ya kuchagua unaingia wapi, haipo. Mkiuliza watu mnajibiwa kitu kimoja: "Weka Boot-Repair, bonyeza kitufe, kazi imeisha." Basi leo tunaipima hiyo Boot-Repair, na tunaipima pamoja na mdogo wake asiyesemwa sana, Super GRUB2 Disk. Zote mbili ni bure.

Ila fleshi bado zipo mfukoni, sijachomeka kitu. Nazima, nawasha, nagonga F9 mfululizo. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Imeleta orodha: Windows Boot Manager, na chini yake "ubuntu". Nachagua ubuntu... mmeiona menyu? GRUB mzima wa afya! Hakuna kilichokufa hapa, foleni tu ndiyo imepanguliwa. Kompyuta za UEFI, yaani zenye njia ya kisasa ya kuwaka, zina patisheni ndogo ya FAT32, ile ya EFI, ambamo kila mfumo una folda yake ya butiloda, programu inayouwasha mfumo, na bodi inakumbuka nani anaanza. Ukipiga Windows upya, inajiweka mbele. Kwa hiyo ingia Ubuntu, fungua tamino, dirisha la kuandikia amri, andika `sudo efibootmgr`, utaona kila mmoja na namba yake. Kisha `sudo efibootmgr -o`, ukianza na namba ya ubuntu, mkato, halafu ya Windows. Dakika mbili. Na nawajua watu waliolipa hela kwa kazi hii, wakarudishiwa mashine imefutwa Ubuntu yote.

Haya, sasa niharibu kwelikweli. Nafuta folda ya ubuntu kwenye ile patisheni ya EFI. Usiige, hii mashine haina kitu cha mtu. F9, nachagua ubuntu, kioo kinapepesa, kinanirudisha kwenye orodha. Huyu sasa ni mgonjwa.

Nachomeka Super GRUB2 Disk. Secure Boot, ule ulinzi unaokubali butiloda zinazoaminika tu, nimeizima kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi, na hapo nisimamishe gari kidogo: kama Windows yako ina BitLocker, ile kufuli ya diski, usiguse Secure Boot kabla hujawa na ile funguo ya tarakimu 48 mkononi. Windows inaweza kukudai wakati wa kuwaka, na ukiikosa, faili zako utaziaga hivihivi unaziona.

Sura yake ni mbaya, tukubaliane. Maandishi matupu, kama ATM iliyokwama. Unachagua "Detect and show boot methods", inapekua diski, inaleta kila inachokikuta. Hii hapa Ubuntu yangu. Enter. Inawaka... tumeingia, mafaili yote yapo. Ninachokipenda ni kwamba haijaandika chochote kwenye diski. Imenifungulia mlango tu, ukarabati ni juu yangu. Tamino: `sudo grub-install`, halafu `sudo update-grub`. Nawasha upya bila fleshi... menyu imerudi.

Naharibu tena, zamu ya Boot-Repair. Hii inatumika ukiwa ndani ya Linux ya kwenye fleshi. Ukitumia fleshi ya Ubuntu, lazima uipakue kwa intaneti kila unapoianzisha, kwa sababu ukizima inasahau yote. Bando lako linaondoka hivyo. Dawa yake: tumia fleshi ya Linux Mint, Boot-Repair imo humo tayari, chini ya Administration. Unabonyeza "Recommended repair" na kwa mashine ya kawaida kweli inafanya kazi. Hapa imefanya. Pia inakutengenezea ripoti ya diski nzima, na hiyo kwangu ndiyo thamani yake kubwa: ukimtumia mtu anayejua, anaona ugonjwa bila kuiona mashine. Ila inakuuliza kama uipandishe mtandaoni. Isome kwanza.

Shida yake ni kile kitufe chenyewe. Kinamfanya mtu asisome. Mimi mwenyewe niliwahi kuanzisha fleshi kwa njia ya Legacy, ile ya kizamani, wakati mashine yenyewe inawaka kwa UEFI. Boot-Repair ikanionya, nikabonyeza "sawa" kama mtu anayeruka tangazo, nikapoteza jioni nzima nikishangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Siku hizi naanza na `ls /sys/firmware/efi`. Ikijibu haipo, nazima, narudi F9, nachagua ule mstari wa fleshi wenye neno UEFI.

Na upo ugonjwa ambao vyote viwili vinaweza kukwama mlangoni. Agosti 2024 Microsoft walitoa sasisho la usalama lililozuia butiloda za zamani za Linux, na kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikaanza kuandika "SBAT self-check failed" kisha kuzima. Hata fleshi za Linux za zamani ziligomewa vilevile. Ukikutana nayo, zima Secure Boot, ingia Linux, andika `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, washa upya uingie Linux tena, sasisha Ubuntu yako, ndipo urudishe Secure Boot. Kile kitufe cha Boot-Repair hakikusaidii hapo.

Kwa hiyo kwenye fleshi yangu moja, niliyoitengeneza kwa Ventoy ili ibebe faili nyingi za ISO, zipo zote: Super GRUB2 Disk naitoa kwanza, na Mint yenye Boot-Repair ni pale Ubuntu yenyewe inapokataa kuingilika, au ninapomwelekeza mtu kwa simu asiyetaka kuona tamino.

Menyu ikirudi bila Windows, usipige kelele. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji wa mifumo mingine huja umezimwa. Fungua `/etc/default/grub`, weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `sudo update-grub` tena.

Yangu imeiona, mstari ule wa chini. Naingia Windows... inafunguka... na saa inasema sita mchana, wakati sasa hivi hapa Dar ni saa tisa alasiri. Hiyo si virusi. Ubuntu inaiwekea bodi saa ya Greenwich, Windows inaisoma kama ya hapa nyumbani, zinapishana masaa 3. Narudi Ubuntu: `timedatectl set-local-rtc 1`.