Uzoefu wangu na kituo cha unasihi cha jamii: mafunzo ya washauri, mbinu zao na mahali zinapokwama

Hukumu yangu kwanza: kituo ni kizuri, washauri wengi wanaijua kazi yao, lakini karatasi ya utambulisho iliyobandikwa mapokezi haimsaidii mtu kuchagua. Kila mshauri ameandikiwa shahada yake, miaka aliyofanya kazi, kisha sentensi ileile: "hutumia mchanganyiko wa mbinu kulingana na mahitaji ya mteja." Ukiisoma mara tatu bado hujui siku ya Jumanne saa nne utaingia kufanya nini. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningetaka yawe kwenye karatasi ile.

Kuna shida nyingine inayoanzia kwenye jina la huduma lenyewe. "Ushauri nasaha" linaahidi nasaha. Mtu anaingia akitegemea kuambiwa avumilie ndoa au aondoke, aache kazi au abaki, na anayemkabili amefunzwa kwa miaka asitoe jibu hilo. Lawama nyingi za "nimekaa saa nzima hakuniambia kitu" zinatokana na hapo, wala si uzembe wa mshauri. Kituo kingeweza kulimaliza hili kwa mistari miwili ukutani. Hakijafanya hivyo, kwa hiyo muulize mshauri wako mapema: wewe ni wa kuelekeza au wa kunisikiliza nijipatie njia? Aliyeiva atajibu bila kukasirika.

Sasa kada, maana ndiyo inayoamua nani anaruhusiwa kufanya nini. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Ndiye anayeandika dawa, na hapa huja kwa siku maalumu tu. Ukianzishiwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, usizihukumu baada ya siku nne, kwa sababu nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na huendelea kukua wiki zinazofuata. Madhara madogo, kichefuchefu kwa mfano, hutangulia nafuu, na ndiyo maana wengi huziacha katika wiki ambayo hawakupaswa kuziacha. Mwanasaikolojia tiba hana kibali cha dawa katika nchi nyingi. Kazi yake ni tiba ya mazungumzo na vipimo vya kina, kama vile kumbukumbu, umakini na uwezo wa kujifunza. Muuguzi wa afya ya akili ni wa kufuatilia dawa na usingizi, na anapatikana kwa urahisi kuliko wote.

Afisa ustawi wa jamii hudharauliwa na wanaotaka "tiba ya kweli". Naona wanakosea. Kama usingizi umekutoka kwa sababu unakaribia kufukuzwa kwenye nyumba, au mgogoro wa malezi ya watoto haujaamuliwa, kuanza na kupanga fikra ni kuchelewa. Anza kwa afisa ustawi, mambo yakitulia kidogo ndipo uende kwa mshauri.

Kada ya mwisho ni washauri wa ngazi ya jamii, waliofunzwa kwa wiki kadhaa badala ya miaka. Hawa nao hukwepwa, bila sababu ya msingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo uitwao Problem Management Plus, ulioandikwa mahsusi kwa wahudumu wa aina hii. Una vikao vitano vya dakika 90: kupumua polepole kutuliza mwili, kutatua tatizo kwa hatua, kurudi kwenye shughuli zilizoachwa, kuimarisha watu wa kukushika mkono, na kikao cha mwisho cha kuzuia kurudi nyuma. Huko Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 huwatumia kina bibi kwenye mabenchi nje ya zahanati, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliohudumiwa nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mipaka ipo. Mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au mwenye mpango wa kujiua, hapaswi kubaki mikononi mwao. Wanapaswa kutoa rufaa siku hiyohiyo. Washauri wa hapa wanalijua hilo vizuri.

Kisha wapo wanafunzi wa uzamili walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Binafsi ningempokea mwanafunzi bila wasiwasi. Huyu anaandaa kila kikao, anasoma, na kila wiki anaketi na msimamizi kupitia kazi yake. Kasoro yake ni kalenda: muda wake ukiisha anaondoka, uwe umepona au la. Kwa hiyo swali la kumuuliza siku ya kwanza ni tarehe ya kuondoka. Akikuambia zimebaki wiki nane, mshughulikie jambo moja dogo lenye mwisho, na usifungue kiwewe cha utotoni. Kukifungua na kukiacha wazi kuna madhara kuliko kutokigusa.

Na swali la usimamizi si la wanafunzi tu. Muulize mshauri yeyote, hata wa miaka ishirini: nani anakusimamia, na mara ngapi? Miaka mingi kazini peke yake haimfanyi mtu kuwa bora, maana anaweza kurudia kosa lilelile kwa miaka yote hiyo. Ningemwamini zaidi mwenye miaka minne anayepeleka kazi yake kukaguliwa.

Kuhusu mbinu, inayotumika zaidi hapa ni tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliijenga miaka ya 1960 akishughulika na sonona. Kikao chake kina umbo: mnakagua wiki ilivyokwenda, mnapanga ajenda ya mambo mawili au matatu, mnapitia kazi ya nyumbani, mnafanya kazi ya siku, mnapanga kazi mpya. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20. Chombo chake maarufu ni jedwali la fikra lenye safu saba: tukio, hisia na ukali wake kwa asilimia, fikra iliyopita kichwani, ushahidi unaoiunga mkono, ushahidi unaoipinga, fikra iliyo sawa zaidi, na hisia ikipimwa upya.

Jedwali hili linakwama mahali ambapo vitabu vya kigeni havikutarajia, nalo ni lugha. Mswahili akisema "nina mawazo" hasemi fikra, anasema huzuni au wasiwasi. Kwa hiyo safu ya fikra hujazwa "mawazo mengi", safu ya hisia nayo hujazwa "naona hawanijali", ambayo ndiyo fikra yenyewe. Jedwali likijazwa hivyo halifanyi kazi, mteja anadhani ameshindwa. Wajuzi wa hapa wamelitatua kwa swali rahisi: kitu hicho kinaweza kubishaniwa? "Hawanijali" inabishaniwa, basi ni fikra. "Nina uchungu" haibishaniwi, ni hisia. Na hisia wanaanza kuitafuta mwilini, kwenye moyo kwenda mbio, kifua kubana au miguu kuisha nguvu, kabla ya kuitafutia jina. Wengine bado wanagawa fomu iliyotafsiriwa neno kwa neno, na inaonekana.

Kosa la pili ni kuanza na jedwali kwa mtu aliyezama. Mwenye sonona nzito hana nguvu ya kubishana na fikra zake. Anatakiwa kuanza na ratiba ya shughuli: kitu kimoja kidogo kwa siku, chenye saa yake, kinachopimwa 0 hadi 10 kwa raha na kwa kujiona umefanikiwa. Kufua nguo mbili kunatosha. "Fanya mazoezi" ni kazi mbaya ya nyumbani. "Tembea dakika kumi baada ya chai ya asubuhi, Jumatatu na Alhamisi" ni nzuri.

Kwa hofu na wasiwasi kuna ngazi ya hofu. Mnaandika hali kumi hivi, kila moja kwa alama 0 hadi 100, kisha mnapanda kuanzia ya chini. Kanuni ni kubaki ndani ya hali hiyo hadi hofu ishuke yenyewe, au hadi uone kuwa ulichokiogopa hakikutokea. Ukitoka hofu ikiwa kileleni umeufundisha mwili kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Vivyo hivyo kwa vijikinga: kushika simu mkononi, kukaa karibu na mlango, kwenda na ndugu kila mara. Mshauri asiyeuliza kuhusu vijikinga atashangaa kwa nini mteja amepanda ngazi yote na bado anaogopa.

Mshauri wa mkondo wa mwanasaikolojia Carl Rogers, yaani wa kusikiliza zaidi, hana ajenda wala fomu. Mwaka 1957 Rogers aliandika masharti ya mabadiliko, na matatu ndiyo yanayokumbukwa: kuelewa kwa undani, kumkubali mtu bila masharti, na mshauri kuwa mkweli. Kwa mwenye msiba, au asiyewahi kusikilizwa, hakuna kinachopita hiki. Kwa mwenye hofu ya kupanda basi, naona ni njia ndefu mno. Dalili kwamba kikao kimegeuka soga ni hii: vikao vinne mfululizo vya kusimulia wiki ilivyokwenda, na hakuna neno ambalo mshauri amekurudishia likakufanya usimame.

Mbinu ya kutafuta suluhisho, iliyotoka kwa Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, ni fupi, mara nyingi vikao visivyozidi sita. Swali lake bora ni la kipimo: uko wapi kati ya 0 na 10? Ukisema 3, mshauri hakuulizi kwa nini si 10, anauliza kwa nini si 1. Jibu lako ndiyo akiba yako. Kisha anauliza 4 ingeonekanaje. Ikitumika mapema mno kwa mtu mwenye uchungu mbichi, inasikika kama dharau.

Kwenye uraibu, tafuta aliyefunzwa mahojiano ya kuhamasisha, mbinu ya William Miller aliyeiandika kwanza mwaka 1983 na kuikuza pamoja na Stephen Rollnick. Huyu hakuhubirii. Anakuuliza pombe inakupa nini na inakunyima nini, na anangoja sababu za kuacha zitoke kinywani mwako. Ukimsikia mshauri wa uraibu anaongea zaidi ya mteja, mafunzo yamebaki kwenye cheti.

Kuhusu kiwewe na kujidhuru nina lawama mbili. EMDR, tiba ya kiwewe ambayo mteja hukumbuka tukio huku akisogeza macho, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, ina awamu nane, na mbili za mwanzo ni historia na maandalizi. Kumbukumbu haiguswi hadi mteja ajue kujituliza. Kituo kinaipangia dakika 50, na hazitoshi: kumbukumbu ikifunguliwa inahitaji muda wa kufungwa kabla mtu hajatoka mlangoni. Omba dakika 90, au vikao viwili vifuatane. Wataalamu bado wanabishana kama kusogeza macho kwenyewe kunaongeza chochote, lakini tiba kwa ujumla wake inasaidia. Lawama ya pili ni DBT ya Marsha Linehan, tiba ya wanaozidiwa na hisia hadi kujidhuru. Kamili ina sehemu nne: kikao cha mtu mmoja, kundi la stadi, simu wakati wa shida, na timu ya washauri wanaokaguana. Hapa lipo kundi tu. Kundi ni zuri, lina stadi zote nne: utulivu wa akili, kuhimili dhiki, kutawala hisia na kuishi na watu. Ila liitwe kundi la stadi. Mtu anayejikata anaposikia jina kamili anaamini kuna simu ya kupiga usiku, na haipo.

Usajili wameuweka vizuri. Kikao cha kwanza ni cha dakika 60 hadi 90, unajaza PHQ-9, dodoso la dalili za sonona: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na zaidi ni ishara ya kuchunguza sonona kwa kina, si hukumu. Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru, na likipata chochote zaidi ya 0 wanakaa nawe kulizungumza kabla hujaondoka. Jibu ukweli. Kutaja wazo si sawa na kutaja mpango, na wanajua tofauti.

Usiri unaelezwa kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, pamoja na mipaka yake: hatari ya kujiua, hatari kwa mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa, na amri ya mahakama. Kinachosahaulika ni kwamba hiki ni kituo cha jamii, na mshauri anaweza kuwa jirani yako. Kubalianeni mapema mkikutana njiani mtafanyaje. Kawaida yao ni mshauri kungoja wewe uanze salamu, na mshauri anayemfahamu mteja au ndugu zake wa karibu anatakiwa kumkabidhi kwa mwenzake.

Washauri wawili hutumia vipimo vifupi kila kikao: mistari minne ya sentimita kumi mwanzoni kuhusu hali yako, na minne mwishoni kuhusu kikao chenyewe. Jumla ya hii minne ya mwisho ikiwa chini ya 36 kati ya 40, wanauliza nini hakikwenda sawa. Ningeifanya lazima kwa wote, kwa sababu mteja wetu wa kawaida haoni adabu kumwambia mtaalamu "hujanielewa". Atatabasamu, atashukuru, hatarudi. Mstari wa kuchora kwa kalamu humtoa aibu hiyo.

Usipoona badiliko lolote kufikia kikao cha nne au cha sita, sema. Kubadilisha mshauri hakuhitaji sababu ndefu: unajaza fomu mapokezi, na faili linahamia kwa mwingine kwa idhini yako. Omba muhtasari wa ukurasa mmoja uende nalo, vinginevyo mshauri mpya atakuuliza historia yote kuanzia mwanzo.